Seti ya kamera nne za Luthuli: chukua mashine, waya waachie

Shuka Luthuli Avenue kutoka Tom Mboya ukielekea River Road, na hutapita maduka mengi kabla ya kuiona ile katoni: mashine ya kurekodi ya njia nne, yaani DVR, kamera nne za megapikseli 2, adapta moja ya umeme, vifurushi vinne vya waya, na wakati mwingine diski tayari imo ndani. Hikvision na Dahua ndiyo majina yanayotangulia, na nyuma yao kuna msururu wa majina yanayobadilika kila kontena likifika. Muuzaji atakuambia chomeka tu, itafanya kazi. Na kweli itafanya kazi, hadi giza liingie.

Niseme mapema: kamera na DVR za seti hii zina thamani ya pesa yake. Kinachoiangusha ni vile vitu ambavyo mnunuzi havitazami, yaani waya, adapta, diski na lenzi, na bei ya katoni hupunguzwa kwa kubana hapo hapo. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize bei ya seti. Uliza bei ya kila kitu peke yake, ununue DVR na kamera, na hivyo vingine uvichague kwa mkono wako. Wauzaji wa Luthuli wamezoea mteja wa namna hiyo. Asiyetaka kukutajia bei ya kamera moja moja, muage kwa heshima uingie duka la pili.

Tuanze na lenzi, maana hapo ndipo watu hupotea zaidi. Kamera nyingi za seti huja na lenzi ya milimita 2.8. Ni lenzi pana, inaona takriban nyuzi 100 kutoka kushoto hadi kulia, na picha yake kwenye simu hupendeza: kiwanja chote, geti, gari, hata kamba ya nguo. Ila upana huo hulipiwa kwa sura za watu. Kiwango cha EN 62676-4 cha 2015, kinachotumiwa kupanga kamera za usalama, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu usiyemjua aweze kutambulika kwa uso, na pikseli 125 ili umtambue mtu unayemfahamu tayari. Kamera ya 1080p, yaani hiyo ya megapikseli 2, ina pikseli 1,920 kwa upana. Kwa lenzi ya 2.8, mtu akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera, eneo linaloonekana lina upana wa zaidi ya mita 7, na pikseli zako zimebaki kama 260 kwa mita. Akirudi nyuma zaidi ya hapo utajua kuna mtu, lakini hutajua ni nani. Mita 6 bado utamtambua jirani yako kwa mwendo na sura. Mita 15 utaona koti lake na rangi ya suruali.

Lenzi ya 3.6 inausogeza mpaka huo wa sura hadi mita 4 na ushei, na ya milimita 6 hadi karibu mita 7. Ukubwa wa lenzi umeandikwa kwenye lebo ya kamera, kwa kawaida baada ya nambari ya modeli, na kamera za aina moja hupatikana kwa lenzi tofauti, kwa hiyo mwombe muuzaji akuchanganyie. Ya 2.8 iwekwe pale unapotaka kujua kinachoendelea, kama kiwanjani au ndani ya duka. Ya 3.6 au 6 ielekezwe mahali ambapo mtu hana budi kupunguza mwendo: mlango mdogo wa geti, mguu wa ngazi, dirisha la kaunta. Kamera mbili zilizopangwa hivyo hushinda nne zilizotundikwa kwenye pembe nne za paa. Na msiitundike juu sana. Mita 2.5 hadi 3 inatosha. Ukiipeleka kwenye ukingo wa ghorofa ya pili utarekodi kofia za watu mwaka mzima. Kuhusu nambari za magari usiku, acha kabisa kutegemea seti hii, kwa sababu taa za mbele hupofusha kamera na sahani ya nambari hugeuka kipande cheupe.

Kuna mtego mwingine ndani ya DVR yenyewe. Katoni imeandikwa 1080p, kamera ni za 1080p kweli, lakini DVR nyingi za bei ya chini hurekodi kwa hali iitwayo 1080p Lite, au 1080N kwa Dahua. Hapo upana wa picha hukatwa nusu, pikseli 960 badala ya 1,920, kisha picha huvutwa ionekane kamili kwenye skrini. Hesabu zote za lenzi hapo juu zinaanguka nusu: lenzi ya 2.8 inatambua sura hadi mita moja na nusu tu, umbali wa mtu anayekupa mkono. Baadhi ya DVR hukuruhusu kuizima hali hiyo kwenye menyu, nyingine hapana. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aingie kwenye mipangilio ya kurekodi, akuonyeshe 1920 × 1080 ikikubali kwa njia zote nne, na idadi ya fremu kwa sekunde inayobaki. Fremu 12 au 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kwa nyumba. Asiyeweza kukuonyesha anauza asichokijua.

Sasa waya, ambao ndio chanzo cha lawama nyingi zinazorushiwa kamera bure. Katika mfumo huu waya mmoja hubeba vitu viwili: picha ndani ya RG59, ule waya wa mviringo wa aina ya antena ya televisheni, na umeme wa volti 12 kwenye nyuzi mbili zinazoandamana nayo. Kamera ya megapikseli 2 mchana hutumia umeme mdogo. Giza likiingia taa za infraredi zinawaka na matumizi yanapanda hadi karibu ampea 0.4. Waya wa katoni mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na nyuzi zake za umeme ni nyembamba, tuseme milimita za mraba 0.3. Kwa mita 50, kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa karibu omu 9. Zidisha kwa ampea 0.4 upate volti 3.5 zilizopotelea njiani, kamera inapata 8.5. Kamera nyingi zinakubali volti 12 kwa kupungua au kuzidi asilimia 25, yaani hazitaki kushuka chini ya 9. Matokeo yake unayajua: mchana picha safi, saa moja jioni kamera inazima, inawaka, inazima tena, na fundi anakuja mchana anaikuta nzima. Anabadilisha kamera. Usiku unarudi pale pale.

Waya wa shaba tupu wenye nyuzi za umeme za milimita za mraba 0.5 kwa umbali ule ule hupoteza volti 1.4 tu. Kuutambua si kazi kubwa. Kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini hung'aa nyeupe chini ya ngozi ya rangi. Kisha sogeza sumaku ndogo kwenye uzi wa katikati wa RG59. Ikivuta, ndani ni chuma. Uzi wa katikati wa chuma kilichopakwa shaba si balaa kwa picha katika umbali wa nyumba ya kawaida, lakini nyuzi za umeme zisiwe za chuma kamwe. Roli kamili ni mita 305, na waya nzuri huwa na alama za mita zilizochapwa ubavuni, kwa hiyo ukipimiwa vipande usome alama, usihesabu mikono ya muuzaji. Zile waya zilizotengenezwa tayari zenye vichwa pande zote, za mita 18 au 20, zinafaa nyumba ya chumba na sebule na kibanda cha duka. Zikiunganishwa mbili mbili ili zifike getini, hapo matatizo yameanza.

Adapta ya katoni mara nyingi ni ya volti 12 ampea 2, na mkia wake umegawanywa mara nne. Kamera nne usiku zinataka 1.6. Kwenye karatasi inatosha, ila adapta ya bei rahisi haitoi kilichoandikwa juu yake kwa saa kumi na mbili mfululizo. Chukua kisanduku cha chuma cha volti 12 ampea 5 chenye fyuzi kwa kila njia. Kamera moja ikiingiwa na maji, fyuzi yake inakatika na tatu zinabaki kazini, wakati ile adapta ya mkia ingezimika na zote.

Kwa aliye na kiwanja kirefu, au anayejenga na bado hajapiga plasta, mfumo wa kamera za IP kupitia waya wa mtandao ni bora kuliko haya yote. Umeme wa PoE, yaani unaopita ndani ya waya huo huo wa mtandao, husafiri kwa volti karibu 48, kwa hiyo upotevu wa njiani hauna uzito, na mita 100 zinafikika bila hesabu za kuumiza kichwa. Ni ghali zaidi. Kamera za balbu za Wi-Fi, zile za kufunga kwenye holda ya taa, ni kitu kingine kabisa: zinafaa kuchungulia mtoto au mbwa. Mtu akizima swichi ya taa kamera imekufa, na kadi ya kumbukumbu inakwenda na kamera ikichukuliwa.

Diski ndiyo inayoibiwa ukitazama. Nunua ya kazi ya kamera, WD Purple au Seagate SkyHawk, zilizotengenezwa kuandika usiku na mchana. Katika katoni zenye diski tayari mara nyingi hukuta diski ya kompyuta iliyokwisha fanya kazi miaka ng'ambo, ikabandikwa lebo mpya. Kuikamata ni rahisi: kwenye DVR fungua menyu ya matengenezo ya diski, uitishe ripoti ya afya ya diski iitwayo S.M.A.R.T., usome mstari wa saa za kuwashwa. Diski mpya haina maelfu ya saa. Kuhusu ukubwa, kamera moja ya 1080p kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku, nne zinakula 86, na diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 na nusu kabla ya kuanza kufuta za zamani. DVR inayotumia H.265, mbinu mpya zaidi ya kubana video, inaweza kushusha hadi megabiti 1 bila picha kuharibika sana, ukapata wiki tatu na zaidi. Terabaiti 1 inatosha nyumba. Duka linalofunga hesabu mwisho wa mwezi lichukue 2.

Umeme wa Kenya Power ukipotea, mwizi naye anajua. DVR, kamera nne na rauta kwa pamoja ni kama wati 40. UPS ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12 ampea-saa 7 huzibeba kwa dakika 45 hadi saa moja betri ikiwa mpya, na si zaidi. Ukitaka usiku mzima unaongelea betri kubwa na inveta. Faida nyingine ya UPS ni kwamba umeme ukirudi kwa kishindo, pigo la kwanza linaipata yenyewe kabla ya DVR.

Ufungaji usimwachie fundi peke yake. Kila kiungo cha BNC, yaani kichwa cha waya wa picha, na jeki ya umeme kikae ndani ya boksi la plastiki nyuma ya kamera, si kuzungushiwa seloteipu na kuachwa chini ya paa. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zitaikuta, shaba itaota kijani, na picha itaanza kupigwa mistari. Waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia ukutani ili maji yadondoke nje. Vichwa vya BNC viwe vya kubana kwa koleo, si vya kukaza kwa skrubu. Kamera isitazame ukuta mweupe kwa karibu wala ukingo wa paa, kwani infraredi ikirudi kwenye lenzi inafanya usiku mzima uwe ukungu. Na buibui hawaepukiki, wadudu hufuata mwanga huo na buibui huwafuata wadudu; fagio la mkono mrefu kila baada ya wiki chache ni sehemu ya mfumo. DVR yenyewe ifichwe mahali penye hewa. Ikikaa chini ya televisheni, mwizi anaondoka na ushahidi pamoja na televisheni.

Kisha nywila. DVR za kisasa za Hikvision na Dahua hukulazimisha kuweka nywila mara ya kwanza, na hapo fundi huweka ile anayowawekea wateja wake wote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilikusanya DVR na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya nywila zipatazo 60 za kiwandani, ikazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti Oktoba mwaka huo. Septemba 2021 likatangazwa tundu katika baadhi ya vifaa vya Hikvision, CVE-2021-36260, lililomwezesha mtu wa mbali kukiendesha kifaa bila nywila yoyote. Marekebisho yalitolewa, lakini kifaa kilichokaa ghalani au kilichofungwa tangu zamani hakijirekebishi chenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza sasisha programu ya mashine, zima UPnP, inayofungua njia za kuingilia kutoka intaneti bila kukuuliza, kwenye rauta na kwenye DVR, usifungue milango ya rauta ili uone kutoka nje, tumia njia ya programu ya simu ya mtengenezaji.

Hapo kwenye programu ya simu kuna jambo dogo linalozaa ugomvi mkubwa. Kwa Hik-Connect, programu ya Hikvision, DVR moja hufungwa kwenye akaunti moja tu. Wengine wote hugawiwa tu ruhusa na mwenye akaunti hiyo. Fundi mwenye haraka huifunga kwenye akaunti yake kisha anakugawia wewe. Wewe unaona picha, unafurahi, unamlipa kwa M-Pesa. Yeye naye anaendelea kuona sebule yako akitaka, na siku mkikosana kuiondoa bila yeye ni usumbufu. Fungua akaunti kwa nambari yako mwenyewe, DVR isajiliwe humo, na nywila uiandike wewe fundi akiwa amegeuka. Baada ya hapo, akiingia bila ruhusa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwandikia faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Sheria inamtazama mwenye kamera pia, na hili maduka hayalitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 51, inawaachilia watu wanaochakata data kwa shughuli za binafsi au za nyumbani tu. Kamera ya uwanjani mwako imo humo. Ikigeuzwa ikawa inatazama mlango wa jirani au barabara nzima ya mtaa, hilo neno "tu" linaanza kukuponyoka, na ibara ya 31 ya Katiba kuhusu faragha ipo mezani. DVR karibu zote zina uwezo wa kuchora visanduku vyeusi juu ya sehemu ya picha. Funika dirisha la jirani kabla hajakuja kugonga. Kipaza sauti kizime. Picha ya mwizi ni kitu kimoja, mazungumzo ya wapangaji kwenye korido ni kitu kingine.

Landilodi wa ploti na mwenye duka hawana ule mlango wa kutokea. Kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wadogo wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini zimeorodhesha shughuli ambazo msamaha huo hauzigusi, na kuendesha kamera za usalama kwa kuzuia uhalifu imo, sawa na usimamizi wa nyumba. Kwa biashara ndogo ada ya kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ni shilingi 4,000 na cheti hudumu miaka miwili. Bango liwekwe getini, lieleze kuna kamera, kwa sababu gani, na nambari ya kumpigia mhusika. Kwenye ploti zenye bafu na choo cha nje, kamera inayoonyesha nani ameingia kuoga na taulo gani haina utetezi wowote wa usalama. Picha zikivuja, Kamishna anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72, na faini ya juu ya kiutawala ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Hapa wenye nyumba wengi hukunja uso. Wakunje tu, klipu za wapangaji zinazozungushwa kwenye WhatsApp ya mtaa hazikutoka hewani.

Yakitokea ya kutokea, saa ya DVR ndiyo ya kwanza kuulizwa. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa GMT+8, saa tano mbele ya Nairobi. Weka GMT+3, zima mabadiliko ya saa ya kiangazi, washa ulinganishaji wa saa kwa intaneti. Tukio likitokea, toa video kwenye flashi siku hiyo hiyo, dakika chache kabla na baada, kwa muundo wa mashine yenyewe na nakala ya MP4. Kurekodi skrini kwa simu kunasaidia kumwonyesha mlinzi sura, ila mahakamani ni udhaifu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachotaja rekodi hiyo, namna ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya mashine. Katika ploti mtu huyo kwa kawaida ni keateka au landilodi, si fundi wa Luthuli, kwa hiyo yeyote kati yao ndiye afundishwe kutoa video, na nambari ya OB ya polisi pamoja na nambari ya utambulisho ya DVR (serial) iliyo kwenye lebo yake ya chini ziandikwe kwenye karatasi moja.